Ujira wa Mtani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Kuanzia leo napigania haki ya ujira. Kwanza wangu, halafu wa watu wengine kadiri muda utakavyoruhusu.

Chanzo ni jana. Nilikwenda Mtoni kwa Mzee Ansbert, baba mdogo wa Adelina wangu, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Seremala. Nusu ya nyumba za Temeke zina milango yake na hakuna hata mmoja unaolia. Nilimwamkia, nikakaa, nikaisifia chai. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu wa hisabati, darasa la sita, shule binafsi, stashahada ninayo. Akauliza inalipaje. Nikamwambia. Akauliza kwa upole kama hiyo ni ya wiki.

Adelina akatazama dari. Yeye ni msusi. Vichwa vyake vya Jumamosi mbili vinanishinda mimi mwezi mzima. Hajawahi kunisema kwa hilo, na ndilo linaloniuma zaidi.

Uamuzi wa mzee: Jumapili ya tarehe kumi na saba nilete mshenga. Ila nisijione nimefika, kwa sababu Deogratias naye ameomba nafasi. Mzee atatusikiliza wote wawili, aone nani ataweza kumtunza binti yake.

Deogratias! Fundi wa madirisha ya alumini. Nilisoma naye hapa hapa Temeke. Alikuwa ananakili hesabu zangu, na alinakili vibaya. Leo ana pikipiki mbili na mimi nina chaki.

Swali langu ni rahisi. Dirisha moja na akili ya mtoto mmoja, kipi kigumu kutengeneza? Dirisha ukilipima linatulia. Dirisha halina mzazi. Halafu tazama nani analipwa. Nampenda Adelina, sitampoteza kwa sababu ya vioo. Kesho naanza na mwajiri.

Jumanne, 5 Agosti

Mwajiri ni Bi Manal, mwenye shule. Familia yao ya Kiarabu imefanya biashara Mtoni tangu enzi za babu yake, duka la vitambaa kwanza, shule baadaye. Ofisi yake inanukia udi, na ukikaa kwenye kiti cha wageni magoti yako yanakaribia kidevu. Nadhani ni makusudi.

Nilimpelekea nadharia niliyoipika jana. Ujira wa haki hupimwa kwa madhara yanayotokea mwenye kazi asipokuja. Daktari asipokuja, mgonjwa anakufa. Mwalimu asipokuja, taifa linakufa, ila polepole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa kahawa na kipande cha haluwa. Akasema nadharia ni nzuri sana, tuijaribu hapo hapo. Nilipougua malaria mwezi wa tano, kulitokea nini? Nikasema watoto waliteseka. Akasema yeye aligundua kuwa sipo siku ya tatu, tena aligundua kwa sababu kelele zilipungua. Kisha akauliza, Bi Hamida mpishi alipokwenda Masasi kwenye harusi ya mdogo wake, kulitokea nini?

Nikakumbuka. Shule ilifungwa kabla ya adhuhuri. Wazazi walipiga simu. Mwalimu wa michezo alijaribu kupika ugali, na lile sufuria mpaka leo halijarudia hali yake.

Bi Manal akanishukuru kwa kumfumbua macho. Mchana akampandishia Bi Hamida mshahara.

Kwa nadharia yangu! Bi Hamida aliposikia alinijazia maharage mpaka yakamwagikia mezani. Akasema, "Mwalimu Sebastian, Mungu akuzidishie." Nilikula kwa hasira. Maharage yalikuwa matamu.

Fundisho la leo: usimwombe haki anayelipa. Tafuta kazi ambayo tayari inalipa vizuri, uingie humo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata kazi.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Faraji, wa Kiswahili, alikuwa anasimulia mazishi ya mjomba wake. Faraji ni Mzaramo, mtu mzima, neno lake halipingwi ofisini. Watani wa Wazaramo ni Wanyamwezi. Basi anasema jeneza lilipotaka kutoka, Mnyamwezi mmoja alijilaza mlangoni, akasema marehemu haendi popote, wamecheza bao miaka yote na hajamlipa kipigo chake cha mwisho. Watu wakacheka katikati ya kilio. Wakamtupia noti mpaka akainuka.

Walimu wenzangu walicheka. Mimi nikauliza alilala kwa muda gani. Faraji akasema kidogo tu. Nikauliza alisomea wapi. Faraji akaniangalia vibaya.

Hebu fikiria. Mtu analala. Kazi yake ni kulala! Hana mitihani ya kusahihisha, hana vumbi la chaki kifuani, hana mzazi wa kumtukana. Mimi nasimama kutwa nzima nalipwa kama naomba, yeye analala chini analipwa kama waziri. Aliyepanga ujira wa dunia hii alikuwa na usingizi. Lakini sikuzaliwa nije kulalamika tu.

Mimi ni Mngoni. Nimezaliwa Temeke, Songea sijafika, Kingoni nakijua cha kusalimia. Nikampigia simu mama, aliyerudi Songea baada ya baba kustaafu. Watani wetu ni akina nani? Akanitajia wengi, wa kwanza Wahehe, kwa sababu babu zetu walipigana nao mpaka pande zote zikachoka. Sie tunawatania kwamba wanakula mbwa, wao wanatutania kwamba tunakula panya. Akauliza kulikoni. Nikasema utafiti. Alifurahi sana, akasema vijana wa mjini tumeitupa mila. Kisha akasema, "Ila mwanangu, utani ni kazi." Nikamwambia hilo ndilo hasa nililotaka kusikia. Alikuwa bado anaeleza salio langu likaisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Taifa linawaenzi wakulima. Mimi nilikuwa natafuta msiba wa Mhehe.

Mungu anisamehe, sikuomba mtu afe. Niliuliza tu kama ametokea. Muuza mkaa alinisonya. Kinyozi akaniuliza kama niko sawa. Katekista wa kigango chetu alidhani nimefiwa, akanishika mkono na kuniombea sala ndefu. Nilimwacha amalize, maana ndiye aliyekuwa na habari. Mzee Nyenza, dereva wa malori mstaafu, Mhehe wa Iringa, amefariki juzi hospitalini. Wanamzika kesho hapa hapa, kwa sababu Dar ameishi miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Mtu mwema, kila mtu anasema hivyo. Nilisikitika kwa dhati, kisha nikaenda kupiga shati pasi.

Jioni nilifanya mazoezi. Nilijilaza kwenye mlango wa chumba changu, nikatoa vichekesho kwa sauti kubwa. Deogratias akapita na pikipiki imebeba fremu za alumini. Akasimama, akachungulia, akauliza kama nimeanguka. Nikamjibu niko kazini. Akasema, "Basi pumzika mwalimu, usijichoshe." Akaondoka anacheka.

Acheke. Kesho nitampita nikiwa nimelala.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufungi.

Nilifika mapema, shati jeupe, viatu vya kanisani. Akina mama walikuwa kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai. Mjane, Mama Nyenza, ameegemea ukuta, macho makavu. Niliambiwa hajala wala kulia tangu habari zilipofika, na watoto wake wanamwogopea. Niliona aibu. Nusura nirudi nyumbani. Halafu nikamkumbuka Adelina akitazama dari, nikapiga moyo konde.

Gari lilipoleta jeneza kutoka hospitali, watu wakaliinua kuliingiza ndani. Nikajilaza kwenye kizingiti. Nikatangaza kwamba mimi ni Mngoni, Mhehe huyu ni mateka wetu tangu vita vya babu zetu, na haingii bila fidia.

Waliobeba jeneza wakatazamana.

Jasho likanitoka pale chini. Nikaongeza kwamba nimetumwa na mbwa wote wa Mtoni, wanatoa shukrani, kuanzia leo wataweza kulala usingizi. Hapo mjane akacheka. Kicheko kidogo, kilimponyoka kama chafya, halafu machozi yakafuata, mengi, na akina mama wakamkumbatia na kusema afadhali, afadhali. Dada yake akanijibu kwa sauti kwamba waliomo ndani wafunge milango ya stoo, Mngoni ameingia na panya wa nyumba hii wana watoto. Turubai zima likaangua kicheko. Noti zikaanza kuniangukia. Tumboni, kifuani, moja usoni. Nilifumba macho nikawaza kwamba hatimaye nalipwa ninavyostahili.

Mkono ukanishika kiwiko. Nikafumbua macho. Mzee Ansbert, na beseni.

Kumbe yeye ndiye mkubwa wa Wangoni wa Mtoni kwenye mambo ya utani. Mwaka mzima namchumbia binti yake na sikujua! Alikuwa amelainika uso. Akaniambia hakudhani kama mila imenikaa hivi. Kisha akaanza kuokota noti zangu, moja moja, akizitia kwenye beseni, na beseni akampelekea mjane. Ni za mchele na sukari ya matanga, akasema, cha mtani hurudi kwa wafiwa, wewe si unajua.

Nikasema najua. Ningesema nini?

Noti moja nilikuwa nimewahi kuisukumia kwenye soksi. Nikajifariji kwamba siku haijapotea yote. Mzee akarudi na sepeto. Wafiwa hawashiki kazi siku kama hii, akanikumbusha, kana kwamba nimewahi kujua. Mtani ndiye anayechimba, anayebeba, anayefukia, anayeteka maji na kuosha masufuria. Wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Nadhani hapo ndipo mama alipokuwa anaelekea salio lilipoisha.

Akasema nivue viatu vizuri hivyo, udongo wa makaburini ni mfinyanzi. Nikavua. Soksi ikavuka na kiatu, noti ikaangukia mkekani mbele ya watu wote. Nilitamani niingie kaburini kabla ya mwenyewe. Lakini dada wa mjane akainua mikono juu akasema jamani, mtani huyu ametuletea na akiba yake, ameificha asionekane anajisifu. Akina mama wakanipigia vigelegele vya chini chini. Mzee Ansbert akafuta jicho. Noti ikaenda kwenye beseni.

Nikachimba. Udongo wa juu mwepesi, wa chini unakataa. Kila nikisimama mzee anasema pole mwanangu, na kunionyesha pa kuendelea. Mchana nikiwa nimebeba ndoo, Deogratias akaja na suti. Akatoa bahasha ya rambirambi, jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti. Akanipita akauliza kama shule imenifukuza. Akaondoka kabla hatujafukia.

Mapato ya leo hakuna. Nimejilaza chini, nimechimba, nimeosha, na nauli nimetoa mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda misa. Nisingeweza kupiga magoti, na ningepiga nisingeinuka.

Adelina alikuja baada ya kanisa na supu kwenye chupa na dawa ya kuchua. Akavichukua viganja vyangu akavitazama. Yeye anavijua viganja, vidole vyake vina sugu ya kusuka. Akasema, "Baba mdogo jana chakula kimepoa anakusimulia wewe tu." Mzee amesema mtu anayemchimbia kaburi asiyemjua, na kutoa akiba yake kimya kimya, hawezi kumlaza mke njaa. Mshahara hupanda na kushuka, moyo wa namna hiyo haununuliwi. Deogratias ameambiwa aendelee na madirisha yake. Tarehe kumi na saba ni yangu peke yangu, labda niiharibu mwenyewe.

Nilifurahi mpaka supu ikanipalia. Akaniuliza ni nini kilinipeleka kwenye ule msiba. Nikasema mila. Akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kulipata kwa hesabu zote nilizowahi kufundisha. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Jumatatu, 11 Agosti

Chaki haishikiki. Niliwapa watoto hesabu ya kichwa: mchimba kaburi na fundi dirisha, nani alipwe zaidi, toeni sababu. Darasa zima likasema fundi dirisha, kwa sababu mteja wake anaweza kurudi. Nimewapa sifuri wote.

Jioni ilibidi nirudi Mtoni, siku ya kuanua matanga. Mtani hakosi. Nikakunja mikeka, nikaosha masufuria yale yale, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Nilipomaliza, Mama Nyenza akanipakulia sahani ya kwanza, kabla ya wakwe zake na kabla ya padri. Akakaa karibu yangu. Akasema marehemu alipenda utani kuliko chakula, na kwamba asingecheka ile siku angepasuka. Akanishika bega, akaniita mwanangu.

Sahani nikaiweka chini bila kuimaliza. Nilitembea njia nzima nikiwaza kwamba labda kuna kazi ambazo bei yake haitamkiki.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza ingekuwa kiasi gani.

Jumatano, 13 Agosti

Habari kubwa. Mzee Ansbert amemtumia ujumbe Faraji, aliyekubali kuwa mshenga wangu. Mahari ameipunguza. Ng'ombe wote amewaondoa. Anataka jembe moja, kwa heshima ya mila, na blanketi la bibi yake Adelina kule kijijini. Basi. Faraji amewaposea vijana wengi na hajawahi kusikia jambo kama hili. Akaniambia niishike bahati kwa mikono yote miwili na mdomo niufunge.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli, nikamnunulia soda. Halafu hesabu zikaanza zenyewe, sikuziita.

Kuchimba kumeondoa ng'ombe wote. Kazi ya siku moja! Hakuna rubani wala daktari bingwa anayelipwa hivyo. Kumbe mimi si mwalimu maskini, mimi ni mtaalamu ambaye hajawahi kupeleka ankara. Na tena mzee amelipia kuchimba peke yake. Vichekesho je? Maji? Masufuria, mara mbili? Na kile kicheko cha mjane kilichofungua machozi? Hicho hospitali wangekuandikia risiti ndefu.

Nikamweleza Faraji. Akaiweka soda chini. Akasema hayo hayalipwi, ndiyo maana yana thamani. Nikamwambia hayo ndiyo maneno wanayoambiwa walimu kila siku ya mshahara, kwamba kazi yetu ni wito. Alikaa akiitazama chupa yake. Nilimshinda, na mimi sijamshinda Faraji kwa hoja tangu niajiriwe.

Hata hivyo ameniapisha nisifungue mdomo Jumapili. Nimeapa, kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 17 Agosti

Tulipokewa vizuri. Bi Hamida alikuwa ametukaangia sambusa za kupeleka, hakutaka hata senti ya unga. Faraji aliongea mpaka bibi mmoja wa ukoo akaomba aje na wiki ijayo. Mzee Ansbert akalipokea jembe, akalipima mkononi, akaliegemeza ukutani. Akalipokea blanketi. Akasema kwa upande wake mambo yamekwisha, nimepata baba. Adelina alikuwa nyuma ya pazia, niliona jicho moja, linacheka.

Kisha mzee, kwa heshima tu, kama ilivyo desturi, akauliza kama mimi mwanawe nina neno. Faraji akanikanyaga mguu.

Nilikuwa na neno.

Nilianza kwa adabu. Nilimshukuru mzee kwa kutambua kuchimba. Kuchimba tumemalizana. Ila kwa haki, kazi mbalimbali zisirundikwe kwenye ujira mmoja, dhuluma ya nchi hii inaanzia hapo. Kuna vichekesho. Kuna maji. Kuna masufuria, tena makubwa. Kwa hesabu yangu jembe lingerudi kwangu, na blanketi tungechangia nusu kwa nusu.

Mzee akauliza taratibu kama nimehesabu na kubeba jeneza. Nilidhani amevutiwa. Nikamwambia ahsante baba, hilo lilikuwa limenitoka. Akauliza na ile noti ya kwenye soksi, nayo nimeihesabu vipi. Nikaona mazungumzo ya ujira yanataka uwazi. Nikamweleza ilivyoingia kwenye soksi.

Pazia likatulia.

Mzee Ansbert akainuka. Akachukua jembe, nikadhani tumeelewana. Akanikabidhi mkononi. Blanketi akaniwekea mkono wa pili. Akaenda kwenye mlango wake wa mninga, aliouchonga mwenyewe, akaufungua wazi wote. Akasema, "Mwalimu, mie milango naiuza. Huu nakufungulia bure."

Faraji alitangulia mbele yangu mpaka barabara ya Kilwa bila kugeuka.

Adelina alinikuta kwenye kona. Nilitaka kumshika mkono, lakini mmoja wangu ulikuwa na jembe na mwingine blanketi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema alikuwa tayari kuolewa na mimi bila jembe, bila blanketi, kwa mshahara ule ule ambao baba mdogo alidhani ni wa wiki. Akasema nisimtafute mpaka nifanye jambo moja, hata dogo, bila kuuliza linalipa nini. Akarudi ndani kwao.

Iliniuma. Bado inaniuma. Nimekaa kitandani na blanketi la bibi wa watu mapajani na sijui nilipeleke wapi.

Lakini kukata tamaa, hapana. Nampenda Adelina. Na sharti alilonipa ni moja tu, halina ng'ombe, halina mshenga, nimeligeuza huku na huku na linawezekana kabisa. Nitalitimiza. Nimemtumia ujumbe sasa hivi kwamba nimelikubali lote bila kinyongo, naanza kesho asubuhi.

Nimemuuliza tu, nikishamaliza, nitapata nini.